Mashirika ya hisani Tanga: maswali tunayoulizwa mara kwa mara kuhusu shule, misitu, bahari na maendeleo ya vijiji

Nimekaa kwenye kamati ya shule kwa muda mrefu, na nimekuwa katibu wa vikundi viwili vitatu hapa mkoani. Kila penye watu wengi, iwe msibani, kwenye daladala au barazani jioni, kuna atakayenivuta pembeni aniulize jambo kuhusu shirika lililofika kwao. Maswali hujirudia. Haya ndiyo ninayoyasikia zaidi, kutoka mjini, Muheza, Mkinga, Pangani, Korogwe na Lushoto.

Shirika la hisani ni nini hasa?

Ni watu waliojiunga kwa hiari kufanya kazi ya manufaa kwa wengine bila kugawana faida. Linaweza kulipa mishahara, kununua gari, hata kuuza bidhaa, lakini kinachobaki lazima kirudi kwenye kazi na si mifukoni mwa waanzilishi. Hapo ndipo linapoachana na kampuni. Na si serikali, kwa hiyo halina mamlaka ya kukuamuru chochote kijijini kwako. Linaomba, kijiji kinakubali au kinakataa. Watu wengi hawajui kwamba wana haki ya kukataa.

Kabla ya mashirika haya kuja, watu walisaidiwaje?

Walisaidiana wenyewe, na bado wanasaidiana. Milimani kuna msaragambo: mbiu inapigwa, kila kaya inatoa mtu, barabara inafunguliwa au tofali zinasombwa hadi eneo la shule. Pwani kuna wakfu: mtu anaacha nyumba au minazi, kodi na mavuno yanaendesha msikiti, madrasa na kulea mayatima. Wamisionari nao wako Magila tangu karne ya 19, na hospitali teule ya Muheza imetokana na mizizi hiyo.

Naanza na haya kwa sababu nimewahi kuhudhuria semina ambayo mwezeshaji alitueleza "ushirikishwaji wa jamii" kama vile hatujawahi kuusikia. Shirika lenye akili linapofika Bumbuli au Mlalo huuliza kwanza msaragambo wa hapo hupigwa siku gani.

Nitajuaje kama shirika limesajiliwa kweli?

Omba cheti. Mashirika yasiyo ya kiserikali yanasajiliwa chini ya Sheria Na. 24 ya mwaka 2002, na Msajili wake yuko chini ya wizara inayoshughulikia maendeleo ya jamii. Mwaka 2019 sheria hiyo ilifanyiwa marekebisho, na tangu hapo cheti kina muda wa miaka kumi. Shirika linatakiwa kupeleka kila mwaka taarifa ya kazi na ya fedha.

Huna haja ya kwenda Dodoma. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri inayajua mashirika yaliyojitambulisha kwenye eneo lake, na orodha ya Msajili inaonekana pia mtandaoni. Kama mtu anakuja moja kwa moja kwa balozi wa nyumba kumi bila kupita halmashauri, kata na serikali ya kijiji, mwambieni arudi apite. Aliye mkweli hatakasirika.

Elimu ni bila ada. Mashirika yanafanya nini tena shuleni?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote. Ada iliondolewa hadi kidato cha nne mwaka 2016, na kidato cha tano na sita wakafuata mwaka 2022. Ni jambo kubwa. Lakini muulize mzazi aliyepokea fomu ya kujiunga na kidato cha kwanza: sare, viatu, madaftari, begi, na kama ni bweni, godoro, shuka, ndoo, jembe au fyekeo. Mtoto amefaulu, Januari imefika, na nyumbani kuna mahindi debe tatu. Hapo mtoto hupotea. Hakufeli wala hakuna aliyemfukuza, ila hakutokea tu siku ya kuripoti.

Kuna na umbali. Vijiji vya Usambara vimetawanyika juu ya vilima, na sekondari ya kata mara nyingi iko upande wa pili wa bonde. Binti anatoka giza, anarudi giza. Wazazi wakiona hivyo wanampangia chumba karibu na shule, anaishi peke yake na miaka yake kumi na minne, na sote tunajua yanayofuata. Ndiyo maana kwa maoni yangu hosteli ya wasichana ni msaada wenye thamani kuliko maktaba, kuliko kompyuta, kuliko uwanja wa mpira. Shirika likija kuniuliza lijenge nini, jibu langu ni hilo kila mara.

Pia kuna maboma. Wananchi wamejichangisha, wamepandisha kuta hadi kwenye lenta, kisha nguvu imeisha. Mvua inapiga tofali, miaka inapita. Shirika likileta mabati, mbao na fundi wa kupaua, darasa linakamilika kwa sehemu ndogo ya gharama, na wananchi wanajua kuta ni zao. Hali kadhalika matundu ya vyoo. Shule isiyo na choo chenye mlango na maji inampoteza msichana siku kadhaa kila mwezi, na siku hizo zikijumlishwa mwishoni mwa mwaka ni wiki nyingi za masomo.

Yapo pia mashirika yanayomfuata mtoto mwenyewe badala ya jengo. CAMFED, ambalo limekuwa nchini tangu 2005, linawasaidia wasichana kubaki shuleni, na waliosaidiwa wakishamaliza hurudi kama dada wakubwa kuwasaidia wadogo zao. Ninaupenda utaratibu huo kwa sababu binti anayemwona mwenzake wa kijiji kilekile amefika hahitaji kuelezwa na mgeni kwamba inawezekana.

Na kuna waliorudi. Tangu mwishoni mwa 2021 serikali inaruhusu msichana aliyekatisha masomo kwa ujauzito kurudi shuleni. Ruhusa ipo, lakini mtoto mchanga atalelewa na nani saa nne asubuhi? Mashirika yanayojibu swali hilo ni machache mno.

Ndugu yangu yuko Ulaya anataka kutuma kontena la vitabu. Tukubali?

Ulizeni kwanza ni vitabu gani. Mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024, na vitabu vya kiada vinaandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Kitabu cha historia ya nchi nyingine kilichochapwa miaka thelathini iliyopita kitajaza kabati na kuzuia mlango. Nimeona stoo ya namna hiyo, na mwalimu mkuu anaogopa kuvitupa kwa sababu vina muhuri wa mfadhili. Vinavyoliwa kwa macho na watoto wetu ni vitabu vya hadithi vya Kiswahili, na hivyo vinapatikana Dar es Salaam. Mwambie ndugu yako atume fedha ya kuvinunua. Itamgharimu kidogo kuliko meli na ushuru.

Nimeambiwa mwanangu amepata ufadhili, ila nitume kwanza hela ya fomu kwa simu.

Usitume. Hakuna shirika la kweli linaloomba mzazi alipie ili mtoto asaidiwe. Piga hatua hadi kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, mwonyeshe namba na ujumbe, kisha toa taarifa polisi.

Kwa nini fedha nyingi zinakwenda kwenye misitu wakati watu wana shida?

Aliyeniuliza hivi mara ya mwisho alikuwa mama wa Chumbageni, Tanga mjini, ameshika ndoo. Nikamwuliza, Mama, maji ya bomba unayakinga yanatoka wapi? Yanatoka bwawa la Mabayani, na bwawa linajazwa na mto Zigi, na Zigi unaanzia kwenye misitu ya Amani, Usambara Mashariki. Msitu ukikatwa, mvua inashuka na udongo wote, bwawa linajaa tope, na mitambo ya kusafisha maji inakula dawa zaidi. Mkulima wa Muheza na mama wa Chumbageni wanakunywa mto mmoja. Wakulima wa mabonde ya Kihuhwi na Zigi wana umoja wao, UWAMAKIZI, wanaoutumia kupanda miti, kuweka makinga maji na kuacha kulima kingo za mto. Hiyo ni hifadhi ninayoielewa: anayetunza chanzo ni mwenyeji, na anayenufaika mjini anakumbushwa kwamba ana deni kwake.

Misitu ya Amani ina mimea na vyura na vinyonga ambao hawapo mahali pengine duniani. Yale maua madogo ya zambarau yanayopambwa madirishani Ulaya asili yake ni huku. Mbegu zilipelekwa Ujerumani mwaka 1892 na mkuu wa wilaya wa Kijerumani wa hapa Tanga, von Saint Paul-Illaire, na ua likabaki na jina lake. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ilitangazwa mwaka 1997, na mashirika kama Tanzania Forest Conservation Group, lililoanzishwa 1985, yamefanya kazi milimani humo miaka mingi pamoja na mtandao wa vijiji unaoitwa MJUMITA.

Lakini hifadhi ina anayeilipia, na mara nyingi si mfadhili. Derema, hukohuko Usambara Mashariki, wakulima walikuwa na iliki chini ya miti. Eneo lilipochukuliwa liwe njia ya kuunganisha misitu, walilipwa fidia na kuacha mashamba. Iliki ni zao ambalo mtu alikuwa akimwachia mwanawe, nalo huzaa miaka, ilhali fidia ukishaipokea inaisha. Shirika la hifadhi lisilotaka kuzungumza habari ya Derema halijawa tayari kufanya kazi Usambara.

Na mradi wa vipepeo?

Ulikuwa mzuri, na nausimulia kwa uchungu. Wakulima wa vijiji vinavyozunguka Amani walifundishwa kufuga vipepeo: wanapanda majani ya kulisha viwavi, viwavi wakijifunga kwenye vifukofuko wanakusanywa, wanapakiwa, wanasafirishwa kwenda kwenye mabanda ya maonyesho Ulaya na Marekani. Wengi wa wafugaji walikuwa akina mama. Sehemu ya mapato iliingia kwenye mfuko wa kijiji. Kipepeo alikuwa sababu ya kuacha msitu usimame, kwa kuwa majani anayokula yako humo.

Mwaka 2016 serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi, na vipepeo wakaingia humo humo pamoja na tumbili na mijusi. Soko likafungwa kwa siku moja. Hakuna mfugaji aliyekosea popote. Tangu hapo, shirika lolote likija na mradi wa kipato nauliza: mnunuzi akiondoka, hapa ndani nani atanunua? Kama hakuna jibu, napendekeza mradi uwe wa pili nyumbani, nyuma ya mahindi na ng'ombe.

Baharini mashirika yamefanya nini?

Wazee wa Mchukuuni na Kigombe wanakumbuka milio. Baruti moja, samaki wanaelea, mwamba umekuwa kifusi. Matumbawe yanayovunjwa kwa sekunde yanahitaji miongo kujijenga upya.

Kuanzia 1994 hadi 2007 palikuwa na mpango wa kuhifadhi na kuendeleza ukanda wa pwani ya Tanga, kwa fedha za Ireland na utaalamu wa IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi. Ulikaa na wavuvi, vijiji vikagawana maeneo ya kusimamia, baadhi ya miamba ikafungwa, doria zikafanywa na wavuvi wenyewe pamoja na askari. Samaki walianza kurudi. Kisha fedha zikaisha, boti za doria zikakosa mafuta, na baruti zikasikika tena hadi zilipokuja operesheni za pamoja za vyombo vya dola. Mimi sisemi mpango ule ulishindwa. Ulituonyesha kwamba wavuvi wanaweza, na ulituonyesha pia kwamba hatukuwa tumejipanga nani atalipia mafuta.

Halafu kuna silikanti. Samaki huyu alidhaniwa ametoweka tangu enzi za dinosaria mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Miaka ya 2000 wavuvi wetu wakaanza kumpata kwenye majarife, nyavu kubwa za papa, yaliyotegwa kwenye maji ya kina kirefu, na mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, yenye visiwa vya Toten, Yambe na Karange ndani yake. Mvuvi wa jarife aliuliza swali la haki: samaki asiyelika analindwa, mimi ninayekula papa nifanyeje? Mashirika yaliyokuja na jibu la zana mbadala yalisikilizwa. Waliokuja na mabango tu walikaribishwa chai.

Njia ninayoiamini zaidi ni kufunga mwamba wa pweza. Pweza hukua haraka sana na haishi muda mrefu. Kijiji kikikubaliana kuuacha mwamba kwa miezi mitatu hivi, siku ya kufungua wanapatikana wazito. Shirika la Mwambao limefanya kazi hiyo na vijiji vya pwani. Pweza wa kuvuliwa kwa miguu, wa kuchokoa wakati wa bamvua maji yanapokupwa sana, kwa sehemu kubwa ni kazi ya wanawake, kwa hiyo wanawake lazima wawe kwenye kikao cha kufunga. Wakiachwa, mwamba utafungwa kwa karatasi tu.

Pangani, na ufukwe wa Madete ndani ya Hifadhi ya Saadani, kuna kasa wanaopanda kutaga. Shirika la Sea Sense limewafundisha watu wa vijijini kulinda viota, na watoto wakianguliwa baada ya miezi miwili hivi, wageni hulipa kuja kuwaona wakielekea majini.

Tumepanda mikoko mara tatu na imekufa. Tatizo nini?

Mara nyingi ni mti usio wake mahali. Mkoko wenyewe, ule wenye mbegu ndefu kama fimbo, ni rahisi kuuchomeka matopeni na unapendeza kwenye picha, basi kila mradi unaupanda popote. Lakini ukingo wa mbele unaopigwa na mawimbi ni mahali pa mlilana. Mchu una pake, mkandaa una pake. Waulizeni wajenzi wa majahazi na wakata nguzo wa zamani. Wanajua kila mti ulisimama wapi. Na mahali pengine hakuna haja ya kupanda: fungueni mkondo wa maji ulioziba, mbegu zitakuja na bahari.

Je, ni haki kulipwa posho ya kikao?

Nauli, ndiyo. Chakula kama kikao kinapita mchana, ndiyo. Mama aliyefunga genge lake ana haki ya kufidiwa siku yake. Ila kuna kiwango ambacho posho inakuwa ndiyo kazi yenyewe. Watu walewale watano wanahudhuria semina ya maji, ya mirathi, ya misitu na ya lishe, na mwenye shida ya maji hajaitwa. Mkutano mkuu wa kijiji hauna posho, na ndio wenye uamuzi. Shirika likitaka kusikia kijiji, liende huko.

Tunaweza kudai kuona hesabu za shirika?

Mnaweza, na mnapaswa. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila miezi mitatu, na kila mkazi mwenye miaka kumi na minane na zaidi ni mjumbe. Wekeni kwenye ajenda: shirika lisome limepokea kiasi gani kwa ajili yetu, limetumia nini, kimebaki nini. Msiogope kuuliza mishahara na mafuta ya gari, lakini pia msidhani kila shilingi ya ofisi ni wizi. Mhasibu makini analipwa, na bila yeye fedha hupotea zaidi. Ninachokiogopa ni shirika lililo tayari kusoma hesabu kwa mfadhili kwa Kiingereza kila robo mwaka, na halijawahi kusoma hata mara moja kwa Kiswahili pale mradi ulipo.

Kama shirika linaomba ardhi, uangalifu uzidi. Halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Saini ya mwenyekiti peke yake haitoshi.

Sisi ni akina mama kumi na tano. Tuanzishe shirika letu?

Inategemea. Kama lengo ni kuinuana wenyewe, kikundi kinatosha na ni chepesi zaidi. Vikoba, yaani vikundi vya kuweka na kukopa, vinasajiliwa halmashauri kwa mujibu wa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Kikundi kilichosajiliwa kinaweza pia kuomba mkopo usio na riba kutoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ikarejea 2024, kwa hiyo pitieni ofisini muulize utaratibu wa sasa.

Shirika ni kwa ajili ya kuhudumia wengine, na lina taarifa, ada na ukaguzi wa kila mwaka. Pangani kuna UZIKWASA, Uzima kwa Sanaa, lililoanza na maigizo ya vijijini na leo lina redio yake, Pangani FM. Nendeni mkaone ukubwa wa kazi kabla ya kuandika katiba.

Wageni wanapiga picha watoto shuleni. Tuwaachie?

Bila ridhaa ya mzazi, hapana. Na mtoto asipigwe picha akiwa mchafu ili fedha zipatikane.

Mradi umeisha, shirika limeondoka. Pampu, mashine na jengo ni vya nani?

Hili lilipaswa kuulizwa siku ya kwanza. Tanga tunajisifu kwa "waja leo, kuondoka majaliwa", lakini mradi una tarehe ya kuondoka iliyoandikwa kwenye mkataba. Kijiji kimoja ninachokifahamu kilipata pampu ya maji ya jua. Ilifanya kazi miaka miwili, kisha kifaa kidogo kikaungua. Fundi alikuwa wa mbali, hakuna mfuko uliowekwa, na hakuna karatasi inayosema pampu ni ya nani. Serikali ya kijiji iliogopa kuigusa, na shirika lilikuwa limeshafunga ofisi. Akina mama wakarudi kisimani.

Kwa hiyo, kabla ya kukata utepe, takeni vitu vinne kwa maandishi: hati ya makabidhiano yenye orodha ya mali, jina la kamati inayoipokea, fundi aliyefundishwa ambaye anaishi hapohapo, na kiasi kinachokusanywa kila mwezi kwa ajili ya matengenezo. Nakala moja ikae kwa mtendaji wa kijiji, nyingine halmashauri. Kama mradi wenu umeshakwisha bila karatasi hiyo, andikeni barua kwa mkurugenzi wa halmashauri kupitia kata, mweleze kilichoachwa na hali yake, na mwombe mali ikabidhiwe rasmi kwa kijiji. Ambatanisheni muhtasari wa mkutano mkuu. Kijiji kile cha pampu kilifanya hivyo, na kikachangishana. Kifaa kilinunuliwa Tanga mjini, kikafungwa na kijana wa palepale aliyesoma chuo cha ufundi.